Moto wa Saa Nane

Kwa heshima tuliyopewa na umma wa wasomaji, na kwa uzito wa kalamu iliyofunzwa bwenini miaka mitano na masista wasiocheka, tunatangaza rasmi: shujaa wetu ameingia ndani ya tanuru ya moto, mlango umefungwa nyuma yake, wala hakuna mwanadamu awezaye kumtoa.

Mlango ulifungwa na mama wa mapokezi, kwa ndoano ya waya, ili mbuzi wa jirani wasiingie kula maua ya madhabahuni. Wiki iliyopita nafasi ilituishia, hatukuweza kueleza habari ya mbuzi.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungia karanga kabla hajalisoma, tunarudia. Aliyeingia ni Ambakisye Mwakalinga, dereva wa lori kutoka Tunduma, Tanzania, mwenye miaka arobaini na tisa. Amekwama Lubumbashi siku ya nne akingoja karatasi za mzigo ambazo ziko mpakani Kasumbalesa, au haziko popote. Anatafuta baa. Wala si kwa kiu.

Mwaka mmoja uliopita alimwambia binti yake Tumpe: "Ukipanda tena hiyo pikipiki, usinipigie simu kuniambia umevunjika mguu." Tumpe, mtoto mtiifu, akapanda pikipiki na hakupiga simu mwaka mzima.

Kisha ukaja ujumbe. "Baba, Jumapili saa nane nitakuwa kwenye televisheni, mbio za wanawake Afrika Kusini. Kabla taa hazijazimika nitafanya jambo moja. Nikimaliza nitakupigia. Ukiniambia nilichofanya, Krismasi niko nyumbani. Usipojua, nitajua hukutazama."

Simu ya Ambakisye ni ya vibonyezo. Inapokea ujumbe, na tochi yake ni kali, lakini haioni Afrika Kusini. Ndiyo maana alihitaji baa yenye televisheni.

Alikwisha kujifunza kwamba hapa kwetu pikipiki inaitwa moto, kama Wafaransa wanavyosema. Basi katika Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi, alimwuliza mama muuza mikate ya mafuta: "Samahani mama, wapi wanaonyesha moto, moja kwa moja, leo?"

Mama alimtazama kwa huruma kubwa. "Papa, moto ya kweli iko pale," akasema, akamshika mkono, akamwingiza katika ukumbi wa mabati wenye skrini kubwa kuliko lango.

Skrini ilikuwepo kweli. Ilikuwa imeandikwa: LEO NI SIKU YA MOTO.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Watu mia mbili waligeuka.

"Kuko mugeni," akasema Pasta Israël kwenye kipaza sauti. "Papa, karibu sana. Ulitoka wapi?"

"Tanzania."

"Tanzanie. Bandugu, bantu banatoka mbali juu ya moto." Ukumbi ukaitikia amina. "Papa, ambia kanisa. Unatafuta nini?"

Ambakisye ni mtu mkweli, hasa mbele ya kipaza sauti.

"Natafuta moto, pasta."

"Amina."

"Naomba niuone tu. Nikishauona nitaondoka."

"Hautaondoka vile ulikuya, papa. Na ile moto itakuya saa ngapi?"

"Saa nane kamili."

Watu mia mbili wakatazama saa zao.

"Ulionyeshwa mpaka saa?"

"Nilitumiwa ujumbe."

Mama mmoja wa safu ya mbele akaanguka taratibu, akadakwa.

"Na ile moto," Pasta Israël akauliza, sauti yake sasa imeshuka, "iko namna gani?"

"Ya magurudumu mawili."

Pasta alishusha kipaza sauti. Akakipandisha tena. "Magurudumu," akasema. "Bandugu, nabii Ezekieli aliona magurudumu."

Hapo ndipo aliposimama, katika safu ya tatu, msichana wa miaka kumi na saba, mrembo kwa kiasi, mwenye akili nyingi mno na unyenyekevu unaolingana nazo. Jina lake Syntiche. Yuko nyumbani kwa likizo. Asubuhi alikuwa misa ya kwanza, kama Mkatoliki mwema. Mchana alikuja hapa kwa sababu ngoma za hapa ni nzuri zaidi.

"Pasta, pardon," akasema. "Huyu papa haiko nasema moto ya Roho. Iko nasema moto ya kupanda. Pikipiki."

Watu mia mbili wakamgeukia Ambakisye.

"Ni binti yangu anayekimbia," akasema Ambakisye kwa sauti ndogo. "Kwenye televisheni. Sikukusudia kuharibu ibada."

Wa kwanza kucheka alikuwa mpiga ngoma. Pasta Israël alicheka wa mwisho, akacheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha mimbari. "Papa, utusamehe. Na ule mama wa mbele, mumuinue, haikuwa ujumbe yake." Kisha akainua mkono. "Syntiche, mupeleke papa mahali bako naonyesha. Na weye papa, kama mutoto anafika muzima, ukuye hapa utoe ushuhuda. Hata ya pikipiki, tutaipokea."

Mlango ukafunguliwa. Wao wawili wakatoka, mbuzi wanne wakaingia.

"Binti, tuna saa moja," akasema Ambakisye.

"Papa Tanzanie, saa moja iko mingi. Lubumbashi iko na banganda kuliko banyumba."

Nganda, kwa msomaji wa mbali, ni baa yenye meza nje na maoni ndani. Ya kwanza ilikuwa hatua hamsini tu kutoka kanisani, jambo lililowafaa watu wengi wa pande zote mbili.

Mwenye nganda, Papa Paulin, alikuwa amesimama mlangoni kama mlinzi wa gereza.

"Papa Paulin, uko na décodeur?"

"Niko nayo."

"Papa huyu anatafuta course ya moto. Saa nane, quatorze heures."

Papa Paulin alimwonyesha ndani kwa kidevu. Ndani palikuwa na derby ya mpira. Upande wa kulia wote walivaa nyeusi na nyeupe, wa kushoto njano na buluu, na katikati palikuwa na meza moja tupu ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia.

"Mwana, ukigusa ile télécommande leo, bale ba kulia batakuua. Na bale ba kushoto batakuzika. Njo itakuwa siku moja tu ile bataelewana."

Ambakisye akatazama ile rimoti juu ya friji. Kwa dakika nzima alipima.

"Papa," akasema Syntiche, "twende."

"Hakuna kwingine?"

"Kuko tantine wangu, Kamalondo, iko na bachaîne yote, lakini leo bamefunga, kuko fête ya komunio. Kuko hoteli moja kule Golf. Iko na écran mpaka mu choo."

Kutoka Kenya hadi mtaa wa Golf si mwendo wa miguu. Syntiche akapiga mluzi, usio wa bweni la masista, na pikipiki ikasimama mbele yao. Aliyeiendesha ni kijana anayeitwa Nono, mmoja wa wale tunaowaita manseba, waendesha moto za abiria.

Ambakisye akarudi nyuma hatua mbili.

Lazima msomaji aelewe. Mtu huyu anaendesha tani thelathini. Ameshuka milima gizani na breki zimechoka, akapiga mluzi. Lakini kutoka juu ya kiti chake cha lori ameona pia, miaka ishirini na mitatu, kinachotokea pikipiki inapokutana na lori. Hajawahi kumsimulia mtu. Alichofanya ni kumkataza binti yake, kwa ukali, bila kueleza, na hapo ndipo nyumba ilipopasuka.

"Hakuna teksi?"

"Iko, papa. Itafika Golf kesho."

Akapanda. Syntiche katikati, Ambakisye nyuma, miguu yake mirefu imening'inia kama ya panzi.

Kwenye kona ya kwanza pikipiki iliyumba vibaya. Kwenye ya pili Nono alisimama kabisa.

"Papa, uko nashindana na virage."

"Mimi nakaa wima ili tusianguke."

"Njo vile tutaanguka. Kama mi nalala, na weye ulale. Virage haipendi muntu ya kiburi."

Kwenye kona ya tatu Ambakisye alifumba macho akalala. Pikipiki ikapita kama kisu kwenye siagi. Akafumbua jicho moja. Kwenye kona ya nne alilala kabla ya Nono.

Simu yake ikalia. Bosi.

"Mwakalinga, uko wapi?"

"Ndiyo kwanza nimetoka Kenya, bosi."

"Kenya?"

"Kenya, ndiyo. Sasa naelekea kwenye gofu."

"Mwakalinga, umekwenda Kenya na lori langu, unacheza gofu?"

Upepo ukameza jibu, na salio la bosi likaisha. Ambakisye alijaribu kueleza hewani kwamba Kenya ni komuni, na Golf ni mtaa, lakini laini ilikuwa imekwisha kukatika. Jambo la bosi lina siku yake, pengine siku lori litakapoanza kutafutwa Nairobi.

Lango la hoteli lilikuwa jeupe. Mlinzi wake, mwenye glavu, alimtazama Ambakisye kuanzia juu, akafika miguuni, akasimama hapo.

"Babouche haiingie."

Ambakisye akajinyoosha. "Mimi si babu. Nina miaka arobaini na tisa."

"Minasema babouche haiingie, papa."

"Na hata ningekuwa babu, kwetu babu ndiye anayeingia wa kwanza."

"Papa," akasema Syntiche, amejizuia kucheka mpaka machozi yamefika, "babouche njo ile uko nayo mu miguu."

Ambakisye akatazama kandambili zake. Mlinzi naye akazitazama, kwa huzuni ya mtu anayefuata amri asizozitunga. Nono akashuka kwenye pikipiki. Aliinama, akavua buti zake, akabaki na soksi mbili zisizojuana.

Buti zilikuwa ndogo kwa namba mbili. Ambakisye aliingia katika hoteli ile kwa mwendo wa kuku juu ya mchanga wa moto, akafika kwenye baa, na skrini zilikuwepo, sita, kubwa, safi.

Zote zilimwonyesha mtu mmoja akitembea na fimbo majanini.

"Ni nini hii?" akauliza.

"Golf, papa," akasema mhudumu.

"Najua tuko Golf. Kwenye televisheni ni nini?"

"Golf."

Wateja watatu walitazama bila kupumua. Yule mtu wa majanini alisimama, akafikiri, akaendelea kutembea.

"Chaneli ya moto?" Syntiche akauliza.

"Haiko mu abonnement ile tunalipa, mademoiselle. Kuko na golf, na kuko na bahabari."

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika ishirini na mbili. Ambakisye akaketi kwenye kiti kirefu, akavua buti moja, akaishika mapajani.

"Binti, umefanya ya kutosha," akasema. "Nitamwambia Tumpe sikuona. Ndiyo kweli yenyewe."

"Na yeye atasema nini?"

"Hatasema kitu. Anafanana na mimi."

Syntiche alitafakari kwa muda wa sala fupi. Kisha akasimama. "Papa, vaa buti. Tunaenda kwa tantine."

"Si umesema wana sherehe?"

"Fête iko na télé."

Nono aliendesha peku. Tunaomba wakuu wa barabara wasisome aya hii. Ambakisye alilala kwenye kila kona kama aliyezaliwa hapo, na saa nane kasoro dakika sita waliingia Kamalondo, katika nganda ya huyo tantine, yaani shangazi yake Syntiche, Mama Victorine, iliyofungwa kwa shughuli ya familia.

Ilikuwa komunio ya kwanza ya mjukuu wake Bénie, aliyekaa juu ya kiti cha heshima kwa gauni jeupe, akilinda vitambaa vyake dhidi ya mchuzi. Wanawake ishirini na kitu walikuwa wamemaliza bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki. Wanaume walikuwa nje, na wote ndani walikuwa wamegeukia televisheni, ambako, katika tamthilia yao, binti wa tajiri alikuwa karibu kutambua kwamba mchumba wake ni kaka yake.

"Syntiche," akasema Mama Victorine bila kugeuza kichwa, "ulikuwa wapi? Na huyu njo nani?"

"Tantine, njo Papa Tanzanie. Anaomba chaîne ya moto. Kidogo tu."

Minong'ono ikapanda kama maji yanayochemka.

"Leo njo épisode ya mwisho," akasema mama mmoja.

"Akaangalie kwake."

"Kwake iko Tanzanie," akasema Syntiche.

"Basi njo mbali. Pole yake."

Saa nane kasoro dakika nne. Ambakisye akavua kofia. Alikuwa amechoka kuomba, na buti zilikuwa zinamla vidole.

"Akina mama, samahanini. Ni binti yangu tu. Yuko ndani ya hiyo televisheni, chaneli nyingine. Mwaka mzima hatujasemezana. Akimaliza atanipigia kuuliza kama nilimwona."

Mama Victorine alisimama, mwanamke mzito, polepole.

"Mutoto wako iko mu télé?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanamuke? Anaendesha moto?"

"Ndiyo."

"Na weye uko nasimama pale mulangoni kama mufakitire anakuya kudai deni?" Akageukia wenzake. "Ule mwana wa tajiri atajua kesho. Bamaman, muache kiti moja mbele. Syntiche, télécommande."

Tunaweka hapa kumbukumbu, kwa vizazi vijavyo, kwamba wanawake wa Kamalondo waliacha sehemu ya mwisho ya mchezo wao kwa ajili ya mtoto wa mtu wasiyemjua jina. Mmoja tu alilalamika, na yeye ndiye aliyempisha kiti.

Syntiche akasimama pembeni ya televisheni, rimoti mkononi. Akabonyeza. Mpira. Akabonyeza. Golf, na ukumbi mzima ukaguna. Akabonyeza tena, na hapo, juu ya lami nyeusi inayong'aa, zikatokea pikipiki ishirini na mbili zimepangwa kama punje za mahindi.

"Njo wapi?" wakauliza wote.

"Sijui. Wote wana kofia."

Mtangazaji alisema maneno mengi ya Kiingereza, kisha akasema kitu kama Makalinga, amekivunja mara mbili. Picha ikasogea. Namba hamsini na nane. Kofia ya njano. Mabega yaliyoinuka kidogo, la kushoto zaidi.

"Huyo," akasema Ambakisye. Alinyanyuka akaketi. "Bega hilo ni la mama yake."

Saa nane kasoro nusu dakika. Taa nyekundu ikawaka, moja, mbili; zikizimika, ndiyo ruhusa ya kuondoka. Kamera ikakaa juu ya namba hamsini na nane. Mkono wa Tumpe ukaachia usukani, ukaanza kupanda.

Na mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Mama Mado, marraine wa Bénie, yaani mama yake wa ubatizo, ni mwanamke wa ratiba. Ratiba ilisema: saa nane kamili, keki. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za Afrika Kusini. Akaingia na keki ya ghorofa tatu, imechomekwa mishumaa inayorusha cheche, akiimba, na wasichana watatu nyuma yake wakiimba, na msafara wote ukapita kati ya Ambakisye na televisheni kwa mwendo wa maandamano ya Ekaristi.

"Mama Mado, toka," wakapiga kelele wanawake.

Mama Mado alidhani wanashangilia. Akasimama. Akazungusha keki, waione pande zote.

Ambakisye alipanda juu ya kiti. Aliona krimu, aliona cheche, aliona moshi. Moshi ulipoondoka, taa zilikuwa zimezimika, na pikipiki ishirini na mbili zilikuwa tayari kwenye kona ya kwanza.

Akashuka kwenye kiti kama mtu anayeshuka kaburini.

"Nani ameona?" akauliza. "Amefanya nini? Kuna aliyeona?"

Wanawake wakatazamana. Keki ilikuwa imewafunika wote. Wote, ila aliyekuwa pembeni ya televisheni.

"Binti, wewe uliona?"

Syntiche alikohoa. "Niliona, papa."

"Alifanya nini?"

"Alifanya alama ya musalaba."

"Tumpe? Msalaba?" Ambakisye akakunja uso. "Una hakika?"

"Papa, na weye ungekuwa pale, mbele ya ile kona, haungeufanya?"

Wanawake wote wakaafiki. Bila shaka alifanya msalaba. Angefanya nini kingine? Ambakisye alitaka kuuliza zaidi, lakini namba hamsini na nane alikuwa wa kumi na nne, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza.

Mzunguko wa kwanza, wa kumi na tatu. Wa pili, wa kumi. Ukumbi ulianza kujifunza. Mama Victorine ndiye aliyegundua kwamba ukiinama na pikipiki, inasaidia. Kufikia mzunguko wa tatu viti ishirini vya plastiki vilikuwa vinalala kulia, vinainuka, vinalala kushoto, na Ambakisye mbele yao akilala kuliko wote.

"Musishindane na virage," Nono akafundisha kutoka mlangoni, peku, amekuja kufuata buti zake.

Mzunguko wa nne, pikipiki mbili mbele zikagusana. Zikaanguka, zikasambaa, vumbi likafunika lami. Namba hamsini na nane akaingia ndani ya vumbi lile.

Hakutoka.

Pikipiki moja ikatoka. Nyingine. Nyekundu, kijani. Mama Mado aliketi chini na keki yake mapajani. Ambakisye hakuomba, hakulia. Alikuwa ameshika upande wa kiti cha Bénie kana kwamba ni breki ya mkono.

Kofia ya njano ikatokea upande wa nyasi, inarukaruka, inayumba, inarudi kwenye lami.

"Iko muzima," akasema Mama Victorine, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akajipepea kwa nguvu.

Mzunguko wa mwisho alikuwa wa saba. Kona ya mwisho wawili mbele yake waliingia kwa kasi kama wezi. Yeye alifunga breki mapema, mapema mno, mpaka ukumbi ukalia kwamba amechoka. Wale wawili wakasukumwa na kasi yao nje ya kona. Yeye akapita ndani, wima, huru, akavuka mstari wa tano.

Walicheza. Nono alicheza peku. Papa Faustin, mume wa Mama Victorine, alikuja kutoka nje kuuliza ni nani amefunga bao.

Simu ya vibonyezo ikalia.

"Weka haut-parleur, papa, tusikie bote," akanong'ona Mama Victorine. "Sisi wote tuliendesha."

Akaweka.

"Baba."

Neno moja, baada ya mwaka.

"Umevunjika?"

"Sijavunjika."

"Haya. Vizuri."

"Baba, nilifanya nini kabla ya kuanza?"

Ambakisye akamtazama Syntiche. Syntiche akatazama dari. "Ulifanya ishara ya msalaba, mwanangu."

Kule Afrika Kusini injini moja ikazimwa.

"Baba, sisi ni Wamoravian."

"Najua."

"Babu alikuwa mchungaji wa Moravian miaka thelathini."

"Najua, Tumpe. Alikuwa baba yangu."

"Tangu tuzaliwe umemwona nani nyumbani kwetu akifanya ishara ya msalaba?"

Wanawake wa Kamalondo, Wakatoliki tangu babu zao walipofika kulaza reli, walishika vifua. Kwao mtu akiogopa, mkono unakwenda wenyewe kwenye paji la uso. Hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani awezaye kukimbia namna ile bila msalaba.

"Baba, nani kakwambia hivyo?"

Angeweza kumtaja. Hakumtaja.

"Sikuona," akasema. "Kuna keki ilipita. Nilidanganywa kidogo, nami nikakubali kudanganywa, maana nilitaka uje. Lakini nilikuwa hapa Lubumbashi, Tumpe. Nilikutazama mpaka mwisho. Kwenye vumbi lile nilikufa. Na kona ya mwisho ile uliiingia kwa adabu."

Kisha sauti ya Tumpe ikaja, nyembamba, kama ya mtoto aliyekaa kwenye lori kati ya dereva na mlango, wakishuka mlima wa Kitonga.

"Na nikatoka kwa furaha," akamalizia. "Ulikuwa ukisema hivyo kila kona."

"Bado nasema. Sasa nasema peke yangu."

Mama Victorine alijipangusa macho kwa kitambaa cha meza.

"Krismasi nitakuja, baba," akasema Tumpe. "Ila nitapitia Lubumbashi kwanza. Nataka kumwona huyo aliyenibadilisha dini mbele ya watu. Nilichofanya nitamwonyesha yeye, ana kwa ana."

Simu ikakatika. Ambakisye alibaki ameishika kwa mikono miwili, anacheka, machozi yanamtiririka, akisema ni cheche za mishumaa.

Mama Victorine hakucheka. Aligeuka taratibu.

"Syntiche. Weye ulikuwa pembeni ya télé. Keki haikukufunika. Ulikuwa naangalia nini?"

Wasomaji watukufu, tangu hadithi hii ianze tumemwandika Syntiche kwa nafsi ya tatu, kwa sababu nafsi ya kwanza ingeleta maswali nyumbani. Maswali yamefika. Tantine amesimama nyuma ya kiti changu ninapoandika mstari huu, na gazeti la wiki iliyopita liko mkononi mwake, limekunjwa kwa namna ya kupigia.

Basi nakiri. Syntiche ni mimi. Unyenyekevu niliutia chumvi, na uzuri pia kidogo. Mkono wa Tumpe ulipopanda sikuuona ulipofika. Nilikuwa naangalia keki, kwa sababu katika ukumbi ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba usiku wa Jumamosi, kwa mzaha tu, nilibadilisha kopo la sukari na lile la chumvi. Na wakati tantine ananiuliza, Mama Mado alikuwa ameshamkatia Papa Tanzanie kipande cha kwanza.